Ng'ombe wa Rafiki wa Ng'ambo

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari na ndevu. Mchana nilikuwa mkamuaji kwa mzungu mmoja nje ya Kitale, mwenye ng'ombe wengi hivi kwamba ukimaliza wa mwisho, yule wa kwanza ameshajaa tena. Jioni nilitembea hadi mjini kwenye shule ya ngumbaro, ya watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu aliyekaa nyuma ya msikiti, na alitufundisha kwa chaki ile ile aliyochorea suruali za watu. Baada ya miaka miwili nikapewa cheti. Nilikipeleka nyumbani, upande wa Sirisia, nikimngoja baba alie kwa furaha. Alikishika juu chini, akakitazama, akanirudishia.

"Vizuri," akasema. "Sasa wewe ndiye utaniandikia barua zangu. Mwalimu wa hapa mimi namwambia maneno kumi, yeye anaandika matatu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika urafiki wa kanisa letu na watu wa ng'ambo.

Kulikuwa na kanisa moja huko kwao wazungu, katika nchi ya baridi ambayo bwana wa misheni alituambia maji yake husimama kama jiwe. Watu wa kanisa hilo walikuwa wakiisaidia misheni yetu tangu mimi sijaota meno. Kisha wakaona haitoshi kutuma vitu, afadhali watu wajuane na watu. Kila mzee wa kanisa letu akapewa rafiki wake wa kuandikiana. Mzee mmoja jirani yetu aliangukia mama mpiga kinanda, hakujua amwambie nini, akamwandikia Zaburi kwa miaka mitatu. Nasikia alikuwa amefika ya mia moja na kitu mama yule aliponyamaza.

Baba yangu alikuwa na bahati. Alipewa mfugaji. Picha ilikuja: mzungu mnene, kofia mkononi, amesimama karibu na ng'ombe mwenye kiwele cha ukubwa wa pipa la lami. Watu wote nyumbani walimtazama mzungu. Baba alitazama kiwele. "Huyu," akasema, "ni mtu wa kuongea naye."

Mwaka uliofuata ukaja mfuko mdogo, na ndani yake kengele ya shaba ya kuvalisha ng'ombe. Mlio wake, wallahi, ulisikika hadi Kapsokwony, na upepo ukikaa vizuri wachungaji wa Uganda waligeuza vichwa.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo mtu atadhani baba alikuwa mjinga, na hakuwa. Kwetu, mtu ukimpenda kweli humwambii. Unampa ng'ombe. Anamweka katika zizi lake, na yeye anakuja kuweka wake katika zizi lako. Ugonjwa ukipita kwako, unajua huko kwa rafiki umebakiwa na kitu. Maziwa ni ya anayetunza. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na mtu aliyepewa ng'ombe kutunza akigusa hata mkia wa ndama bila ruhusa ya mwenyewe, huyo hana jina tena. Hata watoto wake watatajwa kwa kitendo hicho.

Basi baba alikaa na kengele ile juma zima. Kisha akamchagua mtamba mwekundu, bora kuliko wote aliokuwa nao, akamfunga ile kengele shingoni, akaita majirani wawili washuhudie, akasema: "Huyu ni wa rafiki yangu. Bahari ni kubwa, hawezi kumchukua. Namtunzia mimi." Majirani walikubali kwa vichwa. Hakuna aliyecheka. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kawaida, ila tu umbali wa njia ulizidi kidogo.

Na baba akaanza kumpa mwenye mali habari za mali yake. Kila barua. Mimi niliandika kwa Kiswahili, bwana wa misheni akageuza kwa Kiingereza na kuituma. Ng'ombe wako ni mzima. Ng'ombe wako amepata dume. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji. Na mzungu alijibu! Hapo ndipo penye uchungu. Kama angenyamaza tungejua. Alijibu: "Nisalimie ng'ombe wangu. Mwambie siku moja nitakuja nimkamue mwenyewe." Baba alipofasiriwa maneno hayo aliondoka, na mama akamkuta zizini anazitoa salamu.

Nilipofikia wakati wa kuoa, ng'ombe wa rafiki walikuwa wamekuwa watano. Wetu wenyewe walikuwa wanane, maana ugonjwa ulikuwa umepita.

Nilimpenda binti wa mzee mmoja wa upande wa pili wa mto. Aliimba sauti ya juu katika kwaya, na ulimi wake ulikuwa mkali. Aliweza kukuvua nguo kwa neno moja na wewe bado unamshukuru. Baba yake alitaka ng'ombe kumi na wawili. Alinipenda, lakini alinipenda kwa mpaka.

"Kijana," aliniambia, "mimi nakungoja mpaka mahindi yavunwe. Baada ya hapo usinilaumu. Kuna askari ametoka Burma, ana baiskeli na koti la mpaka hapa," akajigusa kwenye kifundo cha mguu. "Kila Jumapili anapita hapa kuuliza kama nimeamka salama. Mimi nimeamka salama miaka sitini bila yeye!"

Tulihitaji ng'ombe wanne tu. Walikuwa palepale, wanacheua mbele ya macho yangu, na mmoja wao anapiga kengele kila akitikisa kichwa.

"Baba," nikasema, "si tuwachukue tu? Huyo mzungu atajuaje?"

"Na mimi? Mimi sitajua?"

"Tutamrudishia."

"Basi tumwombe. Rafiki huombwa. Lete kalamu."

Barua hiyo naikumbuka yote. Baba aliisema amesimama, mikono nyuma, kama anahutubia baraza. "Ndugu yangu. Mwanangu, huyu anayeniandikia, amepata msichana. Nimepungukiwa na ng'ombe wanne. Nakuomba wanne kati ya wako, kwa mkopo, nitakurudishia na ndama wao. Ukikataa sitakasirika, ni mali yako. Mguu wako unaendeleaje?" Maana rafiki alikuwa ameandika kwamba goti linamsumbua. Niliipeleka misheni mwenyewe, nikaikabidhi mkononi mwa bwana, nikarudi Kitale kukamua. Nilikamua kwa furaha hivi kwamba ng'ombe wa yule mzungu walidhani ndio ninaowaoa.

Meli za wakati ule zilikuwa bado zinabeba askari kuliko barua. Mahindi yakaota, yakatoa mbelewele, yakaanza kukauka. Jibu lilifika zimebaki wiki mbili. Bwana wa misheni hakutuita pembeni. Alisema ni barua njema mno, ataisoma Jumapili kanisani, wote wafurahi. Baba alivaa koti lake. Mimi nilipanda lori la magunia kutoka Kitale nikafika nimejaa vumbi la unga mpaka kwenye kope. Yule binti alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, na aliniinulia nyusi mara moja tu.

Bwana akasoma, polepole, kwa ile sauti yake iliyotikisa panya darini.

"Rafiki mpendwa. Miaka hii yote mke wangu na mimi tulipenda sana hadithi yako ya ng'ombe wangu wa Afrika. Tuliisoma kanisani na watu walicheka kwa upendo. Tulidhani ni namna yenu nzuri ya kusema urafiki. Sasa naelezwa kwamba ni ng'ombe wa kweli, na ni watano, na unaniuliza wafanyiwe nini. Nimeona haya sana. Mimi nifanye nini na ng'ombe huko? Naomba wote watano wapewe misheni, wauzwe, shule ipate paa la bati. Na paa hilo liwe ukumbusho wa urafiki wetu."

Watu walipiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwaya ilianzishiwa wimbo, na yule binti aliimba ubeti wa kwanza pamoja na wengine. Ubeti wa pili nilisikia sauti ya juu haipo.

Nilimtazama baba. Nilidhani atasimama apasue dari. Alisimama kweli. Akasema: "Mwenyewe amesema. Kesho nitawaleta." Akakaa.

Baada ya ibada nilimfuata bwana wa misheni barazani kwake, nikiwa bado nimeshika kofia. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa kiti. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na pembe na mkia, ingekuwa rahisi zaidi kwangu, lakini alinipa kiti na akaniuliza habari za Kitale.

"Bwana," nikasema, "barua yetu iliomba ng'ombe wanne. Kwa mkopo. Nioe."

"Niliisoma."

"Jibu halisemi lolote juu ya hayo."

"Hakuulizwa hayo," akasema. "Nisingeweza kuwaandikia wale watu kwamba mzee wa kanisa anataka ng'ombe za kumnunulia mwanawe mke. Miaka yote wanatusaidia, wangesikitika sana. Nilimwandikia tu kwamba mzee anauliza ng'ombe wafanyiwe nini."

"Mahari si kununua, Bwana."

"Najua ninyi mnaionaje. Wao hawajui. Usiwe na uchungu, kijana. Watoto wako watasoma chini ya bati lile, hawatanyeshewa."

"Watoto gani, Bwana?"

Nilikiacha kiti chake nikarudi nyumbani, na nilimweleza baba kila neno. Alisikiliza anapekecha ushanga wa mfupa aliouvaa mkononi.

"Kumbe hakumwambia," akasema.

"Hakumwambia! Kitale kuna Wahindi wenye maduka, wanajua Kiingereza kuliko Bwana mwenyewe. Kesho narudi, wananiandikia barua nyingine, inapita nje ya misheni. Wewe shikilia tu ng'ombe."

"Nishikilie kwa neno gani? Mwenye ng'ombe amesema watolewe. Amesema mbele ya kanisa. Mimi nikae nao miezi sita mingine, nikitafuta neno jingine la kunifaa zaidi?"

"Baba, hata hakujua ana ng'ombe! Walikuwa wanacheka! Umesikia? Wanasoma, wanacheka!"

"Nimesikia," akasema. "Sikuwa nikicheka mimi."

Na mimi nikamwambia neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. Nilimwambia anampenda mzungu wa kwenye picha kuliko damu yake. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Jumatatu asubuhi aliwatoa zizini mwenyewe, watano. Mama alijifungia jikoni. Baba hakutaka mtu amsaidie kuswaga, na hakuivua kengele, kwa hiyo kijiji kizima kilijua kwa masikio ni wapi amefika: sasa yuko kwenye kivuko, sasa anapanda kilima, sasa yuko langoni kwa misheni. Kisha kimya. Aliporudi alikula chakula chake chote, akaniambia niandike barua ya kumjulisha rafiki kwamba mali imefika, na nisisahau kuuliza habari za goti. Niliandika. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Mimi ni mtu wa kucheka. Kwa jambo hili nimechekesha watu mara nyingi, vilabuni na matangani, na kila nikilisimulia ng'ombe wanaongezeka, siku moja walifika arobaini. Lakini kuna kipande ambacho sikusimulia mtu.

Jumatatu ile ile mchana nilivuka mto kwenda kwao binti. Baba yake alikuwa ananoa jembe uani.

"Nimesikia kengele inapita," akasema. "Nikasema, ala, mkwe wangu analeta mahari. Kisha naona inapinda kwa wazungu."

"Walikuwa si wetu, mzee."

"Walikuwa wa nani?"

"Wa rafiki ya baba. Wa ng'ambo."

Aliweka jembe chini. "Ati mzungu wa ng'ambo ana ng'ombe Sirisia, na mtu wa Sirisia hana?" Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Pole, kijana. Baba yako ni mtu wa kweli. Mimi ningependa aninyooshee mkono wa undugu. Lakini siwezi kumwoza binti kwa mtu wa kweli, naozesha kwa ng'ombe. Nenda kamwambie mwenyewe. Yuko jikoni."

Alikuwa amekaa chini, anapukuchua maharagwe kwenye ungo. Jikoni kwao hakukuwa na dirisha. Nilisimama mlangoni nikamweleza: barua tuliyoandika, barua aliyoandika bwana, jibu. Hakunikatiza hata mara moja, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mtu amalize sentensi.

"Barua yenu ya kwanza," akasema mwishowe. "Jina langu lilikuwemo?"

Nilifikiri. Baba alikuwa amesema "msichana".

"Hapana," nikasema.

"Na ile ya Bwana hata huyo msichana hakuwemo."

"Hakuwemo."

Alipepeta maharagwe mara mbili, maganda yakaruka yakaangukia viatu vyangu.

"Basi ondoka hapo mlangoni," akasema. "Unanizibia mwanga."