Usaili Niliouhamishia Lamadi

Naona haya kuliandika hili, lakini bora mlisikie kwangu. Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili wa muuzaji katika duka la pembejeo hapa Bariadi. Nimekaa bila kazi mpaka kila kijana mwenye bahasha namwona adui. Nilifika mapema, nikasimama mlangoni nikirudiarudia majibu yangu. Akaja dada mmoja kutoka Lingeka, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Kaka, usaili ni hapa?"

"Umehamishiwa Lamadi," nikamjibu bila kupepesa macho. "Wahi basi, dada."

Akanishukuru, akakimbilia stendi. Nikajipongeza kwa akili yangu.

Mama mwenye duka akafungua mlango. "Mbona uko peke yako? Nahitaji wauzaji wawili, na nimewaita wawili tu."

Nikasema labda mwenzangu kachelewa. Mama akampigia simu, akaweka spika.

"Shikamoo mama, nipo kwenye basi, nakuja huko Lamadi," dada akajibu. "Kuna kaka mmoja mwenye tai pale mlangoni kwenye duka lako la Bariadi, Mungu ambariki, ndiye aliyenielekeza."

Mama akaitazama tai yangu.