Picha Isiyokombolewa

Mama yangu hamkumbuki baba yake. Babu alifariki yeye akiwa bado ananyonya, huko kwenye mashamba ya mkonge ya Kilosa, na miaka yote hiyo jambo hilo halikuonekana kumsumbua. Alilima, akatulea, akamzika mumewe, na mtu akimuuliza habari za baba yake alijibu, "Alikufa," akaendelea kuchambua mchele. Kisha presha ya macho ikalimaliza jicho la kushoto. La kulia, daktari alisema, litafuata. Dawa zitalichelewesha tu. Siku hiyo tulirudi Mikumi, hata khanga ya safari hajaivua, akaniambia, "Nataka nimwone baba yangu kabla giza halijaingia. Nasikia alipiga picha. Itafute."

Nasikia. Kutoka kwa nani? Hakumbuki. Lini? Zamani. Nilitoka nje nikaikalia ndoo iliyopinduliwa, nikajisemea kwamba mwanamke huyu amekaa na neno moyoni miaka sabini, na analitoa leo akiwa amebakiwa na nusu jicho. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Wateja wangu wa mgahawa, wengi wao madereva wa malori, hupenda kusema chai yangu tamu ila mwenyewe nina pilipili.

Nilianzia Kilosa. Shamba la mkonge alikofanya kazi babu limebadilisha wenyewe mara nyingi hadi limesahau jina lake. Sasa pana mahindi na ufuta, na mikonge michache iliyojiotea pembezoni. Mlinzi aliyekuwa anaota jua kwenye ukuta wa jengo la mashine aliniambia karatasi za zamani zilichukuliwa na mafuriko. Mafuriko yapi? "Mama, hapa mafuriko ni mengi, wewe chagua." Katika ofisi moja binti mmoja mpole sana aliniomba namba ya kitambulisho cha taifa cha marehemu, ili atafute kwenye kompyuta. Nilimweleza kwamba babu alikuwa manamba, aliletwa kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge, na alikufa kabla hata ya hilo taifa. Akanitazama kwa huruma, akasema bila namba mfumo haufunguki.

Makaburini nako nilikwenda. Nyasi zilinifika kifuani. Nilirudi na upupu mikononi, sikuona hata jiwe moja lenye maandishi. Safari mbili, tatu, kila mara mama ananisubiri mlangoni na uso ameuelekeza upande nisiokuja, anauliza, "Umempata?" Nilianza kulichukia swali hilo.

Aliyekuja kunifungulia njia alikuwa Ruaha muda wote, mwendo wa saa moja na ushee kutoka kwangu, akilima miwa. Huyo ni mama mdogo, binti wa mdogo wake babu. Nilishamtembelea mara mbili na kumuuliza, akanipa habari za bei ya miwa. Mara ya tatu tulikuwa tunamenya mihogo, akasema bila kuinua kichwa, "Picha ilikuwepo, ingawa mimi sikuwahi kuiona. Mtani aliondoka nayo siku ya mazishi."

"Mama mdogo! Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza picha iko wapi. Iko wapi sijui. Nani alichukua ndiyo najua."

Niliweka kisu chini nikahesabu mihogo ili nisimjibu vibaya.

Aliyeona misiba ya zamani anajua watani walivyokuwa. Babu alikuwa Mngoni, na rafiki yake wa kambini alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani wakubwa. Mtani msibani hana adabu, na ndiyo kazi yake. Atajilaza kaburini akatae kutoka, ataiga kikohozi cha marehemu, atanyakua kitu cha marehemu aseme hakirudi mpaka ndugu wakikomboe. Ndugu hucheka huku machozi yanawatoka, huleta kinachotakiwa, na mambo huisha. Rafiki huyo alichukua picha, waliyopiga wawili kwa mpiga picha wa mjini Kilosa siku walipopewa likizo. Akataka jogoo.

Jogoo mmoja tu. Aliyepaswa kumtoa ni mdogo wa marehemu, baba yake mama mdogo, na yeye akafanya kosa ambalo kwetu hata mtoto halifanyi: alimkasirikia mtani. Alimwita mwizi mbele za watu, akasema hawezi kununua sura ya kaka yake kwa kuku. Mtani hajibu hasira. Alisema tu, "Siku mkipoa, mje," akaifunga picha kwenye leso akaenda zake. Ndugu hakupoa. Aliihamisha familia nzima Ruaha, na mama yangu akiwa mgongoni.

"Baba alikuwa na hasira," mama mdogo alisema. Akanitazama. "Mmefanana."

Yule mtani baadaye alipata kibarua cha reli, akahamia Munisagara. Hayo mama mdogo aliyajua pia. Sikumuuliza kwa nini hakuyasema, nilichoka.

Wiki hiyo hiyo nilipanda bodaboda kutoka Kilosa mpaka Munisagara, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mtani alishafariki. Nilimkuta mjane wake, bibi mfupi mwenye sauti kubwa, naye Mnyamwezi, anaanua mtama karibu na reli. Nilipiga goti. "Shikamoo, bibi." Nikajitambulisha, Mngoni, mjukuu wa fulani.

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia miguuni. "Wangoni! Mmemaliza panya wote huko kwenu ndipo mkakumbuka deni? Jogoo yuko wapi?"

"Bibi, nimekuja na sukari na khanga..."

"Mume wangu alitaka jogoo. Mimi ni nani nibadilishe?"

Mama yangu anapofuka, nilitaka kupiga kelele, na wewe unataka jogoo! Lakini nilikumbuka ni neno gani lilitufikisha hapo. Mtani hakasirikiwi. Nilicheka kicheko kilichoniuma mbavu, nikazunguka kijiji kizima kutafuta kuku. Niliporudi na mmoja, bibi alimgeuza, akampuliza manyoya, akasema huyu ni tetea anayejifanya jogoo, kama shujaa wa Kingoni. Nikaenda tena. Wa pili alikuwa na kilema cha kidole, akamkataa. Jua la saa nane lilikuwa linanichoma utosini, na kila nyumba niliyopita walishajua natafuta nini, wananichekea: Mngoni huyo, anakomboa! Wa tatu aliwika mikononi mwangu. Bibi akapiga kigelegele, akaniitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akanishika mkono akaniingiza ndani. Nilijikuta nalia, kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Picha ilikuwa ndani ya kasha la bati, chini ya nguo, kwenye leso ileile labda. Vijana wawili. Mmoja amekaa kwenye kiti, mwingine amesimama na mkono wake uko begani mwa mwenzake. Mashati meupe, kaptula, miguu peku. Unyevu ulikuwa umetia doa la kahawia kwenye kona, lakini nyuso zilikuwa salama. Hakuna aliyecheka. Nilizitazama nikitafuta pua ya mama, paji la mama mdogo, chochote. Walikuwa vijana tu, wembamba, wenye macho ya watu walioambiwa wasipepese.

"Yupi babu yangu?"

"Mzuri ni wetu," bibi akasema. "Mbaya ni wenu."

"Bibi."

"Kwani huoni? Hebu tazama ubaya huo!"

"Bibi, utani tuuweke pembeni kidogo. Mama yangu haoni. Hajawahi kumwona baba yake. Niambie yupi."

Akaketi kitandani, sauti yake ikapungua nusu. "Mjukuu, mimi niliolewa baadaye sana. Nilimkuta mzee tayari, mvi kichwani, meno ya mbele hana. Nilipomuuliza yeye ni yupi hapa, alisema mzuri ndiye yeye. Leo anaonyesha huyu, kesho anaonyesha yule. Nilicheka tu. Sikudhani kuna siku mtu atakuja kuuliza kwa dhati."

Nilimuuliza kama kuna picha nyingine ya mumewe, hata ya uzeeni. Hakuna. Mtoto? Hawakujaliwa. Mtu yeyote kijijini aliyemjua ujanani? Alitikisa kichwa kila mara, na mara ya mwisho aliniomba msamaha. Nilitamani angeendelea kunitukana.

Njia nzima kurudi nilipanga maneno. Nilikuwa na hasira na wote: na babu mdogo aliyemthamini kuku kuliko kaka yake, na mtani aliyekufa na mzaha wake mdomoni, na mama mdogo, na mama mwenyewe aliyekaa kimya hadi wote wenye jibu wakaisha. Nitamwambia ukweli, niliamua. Mmoja wa hawa ni baba yako na hatutajua yupi. Ni mtu mzima, atapokea.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nyuma ya mgahawa. Safari hii sikungoja aulize, nilimwekea picha mkononi. Aliisogeza mpaka ikagusa pua, akaizungusha kwenye mwanga, akaisogeza upande wa jicho linaloona.

"Naona nyeupe mbili," alisema. "Mashati?"

"Mashati, mama."

"Wako wawili."

"Yeye na rafiki yake."

Alininyooshea mkono wa kulia, kidole cha shahada kimetangulia. Hakuuliza yupi. Alingoja tu nikipeleke kidole mahali pake, kama mtu anayengoja kuvushwa barabara. Maneno yote niliyoyapanga njiani niliyatafuta sikuyaona. Niliushika mkono wake, nikakiweka kidole juu ya yule aliyekaa. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa kuwa mwingine alikuwa amemwekea mkono begani.

Mama alikitembeza kidole taratibu, kichwani, mabegani, mpaka kwenye miguu peku, kisha akakirudisha usoni. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akavuta khanga ikafunika magoti.

"Shikamoo, baba," alisema.

Akainamisha kichwa, akiisubiri marahaba. Mimi nilikuwa nimeuziba mdomo kwa viganja vyangu vyote viwili.