Daraja Tulilolikemea

Mguu wangu wa kulia ulikuwa unaning'inia chini ya daraja, juu ya maji, na mimi nimekwama hadi pajani kati ya mbao zilizovunjika, napiga nduru. Waumini wenzangu wakapiga makofi.

"Haleluya!" akasema mzee wa kanisa. "Pepo anamtoka!"

"Pepo gani, mzee? Ni mfupa!"

"Analia sana huyu. Ongezeni maombi!"

Wakaongeza.

Wacha nirudi nyuma. Kanisa letu la Wakenya huku ughaibuni liko mjini Mansfield, na kila mwaka tunatoka kwenda kuchoma nyama. Safari hiyo tulienda penye daraja la kale la mbao, lenye paa na kuta, ungedhani ni banda refu la ng'ombe limewekwa juu ya mto. Wenyeji wanalipenda kwa sababu ya mzimu. Eti bibi harusi alizama hapo, na ukisimama katikati unasikia gauni lake likiburuzwa majini. Eti ukiegesha gari karibu, utakuta alama za vidole kwenye kioo. Wazungu wanaleta watoto wao watishwe kidogo, halafu wanawanunulia aiskrimu wanaenda nyumbani.

Sisi hatukuweza kuliacha hivyo. Mkenya aliyeokoka hamtembelei pepo, anamkemea.

Pasta akasema nyama haitaliwa karibu na roho ya mauti. Akatuingiza darajani wote, watu zaidi ya arobaini, wengine na watoto mgongoni, na mzee wa kanisa akaanza: "Mkanyageni shetani! Mkanyageni!" Kanisani tunamkanyaga kila Jumapili, lakini kule sakafu ni saruji. Miaka yote hiyo tulidhani ni imani inayotushikilia.

Mlangoni pa daraja palikuwa na kibao. Mimi niliachia shule darasa la nne, Kiingereza cha kuandikwa kinanishinda. Nikamuuliza mke wa pasta, ambaye ni muuguzi, anasoma faili za wagonjwa mchana kutwa.

"Mama, hapa wameandika nini?"

"Ni historia tu, dada. Ingia, unazibia watu njia."

Historia yenyewe nilisomewa na binti yangu nikiwa kitandani hospitalini, kutoka kwenye picha ya kile kibao aliyokuwa nayo simuni: watu wasizidi kumi, na ni marufuku kurukaruka.

Jumapili iliyofuata pasta alihubiri kwamba mzimu ulinivuta mguu kwa sababu nilipanda darajani na imani haba. Bibi harusi wa watu, tangu azame hajamvunja mtu hata ukucha, leo kasingiziwa mguu wangu. Kule mjini Garland nilikuwa nafunga maboksi ghalani, kazi ya kusimama, na siwezi tena. Hilo ningelimeza. Lakini kanisani sasa kiti cha kando yangu kinabaki wazi, akina mama wanawavuta watoto wao nikipita, kana kwamba nilishuka darajani na marehemu.

Basi Jumapili hii nitakaa mbele kabisa na mkongojo wangu. Pasta, panda mimbarini useme ni nani aliyetuingiza pale. Mzee wa kanisa, sema ni nani aliyepiga kelele tukanyage. Na wewe Mama, mwenye macho mazima na masomo yako, liambie kanisa: kile kibao ulikisoma, au hukukisoma?