Bi Otilia na Ukurasa wa Tai

Bi Otilia Buitrago alitunza maktaba ya mji wetu wa Peñas Claras kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo tulimwona akikimbia mara moja tu.

Ilikuwa kwa ajili ya kitabu cha picha za ndege, kilichochorwa kwa mkono karibu karne mbili zilizopita na kukutwa ndani ya sanduku la padri aliyefariki. Mafundi wa Bogotá walikitengeneza, wakakirudisha na sharti: kilazwe wazi ndani ya kabati la kioo, kifunuliwe ukurasa mmoja kila Jumatatu, bila kuruka, ili mwanga usififishe rangi.

Meya wetu, Nepomuceno Arroyave, akatangaza kwamba atakizindua wiki ya tatu tangu kilazwe kabatini, mbele ya waandishi wa habari. Akaagiza awekwe ndege mzuri, yule mdogo wa kijani anayenyonya maua. Bi Otilia akamjibu kwamba wiki hiyo ni zamu ya tai mla mizoga.

Sasa, meya alikuwa na upara, shingo ndefu na suti nyeusi ya kila siku. Mji mzima ulimwita Tai, mradi yeye tu asisikie.

Siku ilipofika, hata mwenye bucha alifunga duka, naye hajawahi kusoma kitu zaidi ya mizani. Bi Otilia alikuwa amefungua kabati ili waandishi wapige picha, akaenda mlangoni kuwapokea. Kugeuka, anamwona meya amenyoosha kidole kufunua ukurasa, amtafute yule ndege wa kijani. Ndipo alipokimbia. Akamshika kifundo cha mkono.

“Toa mkono, Mheshimiwa. Umetoka kula empanada za kukaanga.”

Meya akaviangalia vidole vyake vilivyong'aa mafuta, kisha akamtazama tai wa ukurasani, kichwa chake kisicho na manyoya.

“Bi Otilia, watu wananiita hivi?”

“Tangu uchaguzi wa kwanza, Mheshimiwa.”

“Kwa sababu ya upara?”

“Na shingo.”

Meya akacheka mpaka akatoa leso, nasi tukapata ruhusa ya kucheka. Akapigwa picha kando ya tai.

Bi Otilia hakucheka. Alimwambia dada yake kwamba kazi yake imeshaota mbawa. Jumatano ikaja barua ya ofisi ya meya, akashinda nayo mfukoni bila kuifungua. Mwishowe dada yake akachana bahasha, akaisoma. Meya alikuwa akiomba nakala ya picha ya yule tai, ampelekee mama yake.