Wifi Alikula Ndafu kwa Jino Langu, na Sasa Analitaka Tena Siku ya Harusi

Admin, nifichie kila kitu, jina na picha, maana wifi yangu anafuata ukurasa huu na hapitwi na jambo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na moja, naishi Kirumba na mume wangu na nauza vitenge kwenye duka la watu mjini. Kama unasoma huku unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mwaka juzi jino langu la mbele la juu lilioza. Nikapuuza mpaka uozo ukafika kwenye mzizi, na nilipokwenda kliniki daktari akasema kuziba haiwezekani tena, ni kung'oa. Akanitengenezea jino la kuvaa, lile lenye plastiki ya rangi ya fizi na waya mdogo wa kulishikilia. Asubuhi navaa, usiku navua, nalisugua na kulilaza kwenye kikombe cha maji chumbani. Nikilivaa hakuna anayejua, nacheka na wateja wangu kwa raha zangu.

Sasa huyu wifi, mdogo wake mume wangu, alikuja kwetu kutoka Sengerema kujiandaa na ndoa. Alikuwa ameanguka na bodaboda, jino la mbele likatoka, upande uleule wa kwangu. Mchumba wake yuko kazini mgodini, wanaongea kwa simu tu, na huyu dada hakuthubutu kumwambia. Nilimwonea huruma nikampeleka kwa daktari wangu. Daktari akasema ni kazi ya siku mbili tu, anapima mdomo kwa kitu kama udongo laini, kisha anatengeneza jino la saizi yake. Wifi kuuona ule udongo, akashuka kwenye kiti mbio.

"Wifi, ule uji nitatapika! Umeshaingia midomo ya watu wangapi?"

Nikamweleza kwamba kila mgonjwa anachanganyiwa wake mpya. Wapi! Akagoma kabisa, tukarudi nyumbani.

Siku ya sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, naamka, kikombe kina maji matupu. Nilipekua chini ya kitanda, nikawagombeza watoto wangu bure, nikalaumu panya. Nikaishia kwenda ukumbini na mtandio mdomoni, nimekaa nyuma kabisa kama mgeni asiyealikwa, na sare yangu nimeshona kwa fundi. Ikaletwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa. Bibi harusi akaitwa amlishe mchumba wake, aliyepewa ruhusa ya siku moja kazini. Akacheka kwa meno yote, na mimi nikaliona jino langu! Ule waya naujua, naushika kila siku. Akang'ata kipande cha mbuzi, akavuta nyama kwa jino langu, mafuta yanatiririka kidevuni, watu wanapiga vigelegele. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jenereta.

Usiku jino nikalikuta limerudi kikombeni. Maji yana mafuta juu, uzi wa nyama umekwama kwenye waya, na kwa ndani kumebandikwa bigijii iliyotafunwa ili lisimdondoke. Jamani! Tena alikuwa amelikwangua kwa tupa ya kucha limkae vizuri. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole, "Lakini wifi, nililisuuza." Udongo safi wa daktari unamtia kinyaa, ila jino lililolala kinywani mwangu miaka miwili halimtii kinyaa. Uchafu gani huu?

Nililipeleka kwa daktari. Akasema waya umepinda, litanichana fizi, na jino la kuvaa halichangiwi, watu wanapeana maradhi. Nikamwambia safari hii nataka lile la kushikizwa moja kwa moja kwenye meno ya jirani, lisilovuliwa. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mnadhani nyumbani walinionea huruma? Mume wangu akasema, "Kijino tu hicho, unakuza mambo." Juzi mama mkwe akavuka na kivuko kutoka Sengerema akaja. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba aliitikia nusu nusu. "Mwanangu, Jumamosi mpe mwenzio avae kanisani, jioni anakurudishia. Kwani litaisha?" Nikasema jino limeharibika na nalionea kinyaa. Mume wangu akanitazama mbele ya mama yake, akasema nikiharibu harusi ya mdogo wake nitafute pa kuishi.

Leo ni Alhamisi. Asubuhi mama mkwe alisimama mlangoni kwangu akitaka nimkabidhi jino alitunze mwenyewe. Nikamwambia anisubiri nilisafishe. Nikaenda chooni nikalitumbukiza shimoni, na nawaapia, nilipumua. Kisha nikachukua punje moja ya hindi jeupe, nikaifunga kwenye kitambaa mafundo matatu, nikampa. Alipapasa, akaona pagumu, akanishukuru. Amekifunga kitambaa kile kwenye pindo la kanga yake na anatembea nacho, hata kulala atalala nacho.

Sasa hivi nipo jikoni nawakaangia sato. Wifi yuko sebuleni anapakwa hina, anaimba, jino hana, na mchumba wake ameshapiga simu kuwa yuko njiani. Nikisema leo, bado anawahi kliniki kesho kupimwa, Jumamosi asubuhi analichukua na kuingia kanisani na jino lake mwenyewe, ila mimi na wanangu tunalala nje usiku huu. Nikinyamaza, watafungua lile fundo Jumamosi asubuhi, bwana harusi ameshakaa mbele anasubiri. Ninyi mlioolewa kwenye familia za watu, nisaidieni mawazo kabla samaki hawajaiva: nikaseme, au nimwache akavae hindi?