Uji wa Jumapili

Baridi ya Kilolo ya mwezi wa saba haipigi hodi, ndugu zangu. Unaamka unaikuta imeshakaa kwenye kigoda chako, inakungoja. Ndiyo maana katika nyumba ile ya juu ya bonde la mianzi, aliyetangulia kuamka aliwasha moto kwanza, salamu zikafuata. Na aliyetangulia kuamka alikuwa Eveline siku zote.

Waliishi wawili tu, mama mkwe na mkamwana, wote wajane. Mama mkwe aliitwa Esnath, alikuwa ameshavuka sabini. Eveline alikuwa mke wa marehemu Fanueli, mwana wa pili wa Esnath. Fanueli alipozikwa, ndugu zake Eveline walikuja kumchukua arudi kwao. Hakuwa amezaa, na mjane asiye na mtoto, walisema, ukweni anafanya nini? Eveline aliwapikia, wakala wakashiba, kisha akamwelekezea Esnath kidevu.

"Na huyu nani atamwashia moto?"

Wakaondoka bila yeye. Tangu siku hiyo Esnath alimwomba Mungu jambo moja tu: afie palepale, chini ya bati lile, akisikia Eveline anagombana na sufuria jikoni. Hakuomba utajiri wala kupona miguu.

Sasa sikilizeni jinsi ombi lile lilivyoanza kuponyoka.

Siku moja aliteleza kwenye tope, akajishika ukingo wa shamba la njegere, na mkono ukavunjika kama kijiti cha mwaka jana. Yotamu, mwanawe mkubwa anayeishi Mbeya, alikuja akawapeleka hospitali Iringa mjini. Piksha ya mfupa ilipotoka, daktari aliitazama muda mrefu. Akasema mfupa wa mtu mzima haufai kuvunjika kwa kuteleza kule tu. Mifupa ya Esnath ilikuwa imelika kwa ndani, imekuwa na matundu. Kuna dawa ya kuisaidia, kidonge kimoja kwa wiki.

Mfamasia dirishani aliwaeleza, na alieleza vizuri, tusimsingizie. Imeze asubuhi, tumbo likiwa tupu. Maji matupu, bilauri nzima. Kisha kaa wima au simama kwa nusu saa, usilale, usile wala usinywe chochote kingine. Esnath alielewa. Eveline alielewa. Wakachagua Jumapili, kwa kuwa kengele ya kanisa ingewakumbusha.

Lakini kuelewa ni Iringa, kutenda ni Kilolo.

Jumapili ya kwanza maji ya ndoo yalikuwa yanauma meno. Na nani huku asiyejua kwamba maji baridi ya alfajiri hushuka moja kwa moja kwenye viungo vya mzee? Esnath alimeza kidonge kwa mafunda mawili, akarudi kitandani haraka, akajifunika mablanketi hadi puani. Kengele haijalia, kifua kilikuwa kinawaka moto. Akaanza kukohoa, machozi yakimtoka, na Eveline akaja mbio, unga mikononi.

"Mama, nini?"

"Kidonge. Kimekaa hapa, kinanichoma."

"Si nilisema? Dawa kali hivyo, tumbo halina hata punje. Nani anameza dawa na njaa?"

"Daktari ndiye aliyesema."

"Daktari anakaa wapi? Hajalala huku hata siku moja, huyo."

"Na wewe udaktari umesomea wapi?"

"Kwenye sufuria," Eveline akasema, na Esnath akacheka katikati ya kikohozi.

Jumapili iliyofuata Eveline aliamka mapema zaidi. Akakoroga uji wa ulezi mzito, akaumiminia maziwa ya jirani, akamwinua mama mkwe wake, akamnywesha bakuli zima. Ndipo akampa kidonge, akakisindikizia uji uliobaki. Kifua hakikuchoma. Walitazamana kama watu waliomzidi akili mwizi.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili, uji kwanza. Kama kuna kitu Esnath alikipenda kuliko ibada yenyewe, Mungu amsamehe, kilikuwa bakuli lile, na Eveline kusimama mlangoni akihakikisha limekwisha. Yotamu alikuwa anatuma dawa kwa basi bila kukosa, akipiga simu kuuliza, "Mama anameza?" Eveline alijibu, "Hajaruka hata moja, shemeji." Na ni kweli, hakuruka.

Mwaka ukapita na zaidi. Mianzi ikagemwa, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, ukaja ukaondoka. Kisha asubuhi moja Esnath alikuwa uani, akageuka kumfukuza kuku aliyeingia kwenye mahindi yaliyoanikwa. Aligeuka tu. Hakuteleza, hakujikwaa. Alisikia kitu kikilia ndani ya nyonga, na ardhi ikamfuata.

Majirani walimbeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani. Iringa wakasema hapa pana kazi ya upasuaji, na Yotamu akataka afanyiwe Mbeya, karibu naye. Wakamtia chuma kwenye nyonga. Eveline alilala wodini chini, pembeni ya kitanda, kanga moja chini na moja juu.

Siku ya kujiandaa kutoka, alikuja mfamasia wa pale, dada mpole wa Kiislamu jina lake Jaha. Aliketi kitandani kabisa, hakusimama kama mtu anayepita.

"Bibi, nimeona unatumia dawa ya mifupa. Ulikuwa unaimezaje? Nieleze kama unavyofanya nyumbani."

Esnath akaeleza. Alieleza kwa fahari, maana alidhani anasifia malezi ya Eveline. Jinsi kifua kilivyochoma, jinsi mkamwana wake alivyotafuta njia, uji, maziwa, bakuli zima.

Jaha aliweka kalamu chini.

"Bibi, dawa hii haipatani na chakula. Maziwa ndiyo mabaya zaidi, yanaishika tumboni, haiingii mwilini. Inakuwa kama hujaimeza. Na kile kifua kilichoma kwa sababu ya maji machache na kulala. Kidonge kiling'ang'ania kooni. Mngerudi mkatuambia, tungewasaidia."

Eveline alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Esnath aliona vidole vyake vikipoteza damu.

"Kwa hiyo ni mimi," Eveline akasema.

"Siwezi kusema hivyo, dada. Hata anayeimeza sawasawa huvunjika wakati mwingine. Hakuna anayejua."

Yotamu alikuwa dirishani. "Kumbe dawa zangu zote mlikuwa mnazizamisha kwenye maziwa."

"Yotamu." Esnath hakupandisha sauti. "Nilipokuwa nakohoa, nani alikuwepo?"

Yotamu akatazama chini uwanjani.

"Uji nilikunywa mwenyewe. Hakunikaba koo. Na ulikuwa mtamu, usimwambie mtu vinginevyo."

Lakini maneno hayaungi mfupa. Daktari alisema Esnath asirudi kwenye miteremko ya Kilolo, akae karibu na hospitali, na akiweza kukaa wima vizuri dawa ianzwe upya. Yotamu alikuwa na chumba cha kumpa nyumbani kwake, mtaa wa Soweto, palepale Mbeya. Kimoja. Na Kilolo kulikuwa na njegere, kuku, na kaburi la Fanueli lisilopaliliwa na mtu mwingine. Eveline alipanda basi la kurudi akiwa na kapu la Esnath tupu magotini. Walipoagana hakuna aliyesema neno la uji.

Sasa Jumapili, pale Soweto, Esnath anaamshwa na simu ya Eveline. Maji yako tayari kwenye chupa ya chai, ya uvuguvugu, matupu, maana Jaha alisema si lazima yawe baridi, alimradi yasiwe na kitu. Anameza kidonge, anakunywa bilauri nzima. Anakaa kwenye kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka, simu sikioni.

"Umekaa, Mama?"

"Nimekaa."

"Wima?"

"Wima kama mwalimu wa kwaya. Haya, nipe habari."

Eveline anampa. Kuku mwekundu ametaga kwenye kapu. Mvua imeng'oa mwanzi mmoja wa bondeni. Kaka zake walikuja tena.

"Wakasemaje?"

"Yale yale. Niliwapikia."

"Na chumba changu?"

"Nakifungua asubuhi kipate hewa. Jioni nafunga."

Nyuma ya sauti yake Esnath anausikia moto wa Kilolo ukipasuka kwenye kuni mbichi, na mwiko ukigusa sufuria. Eveline anajipikia uji wake.

"Mama, nusu saa imepita. Ule sasa."

Mke wa Yotamu ameshaweka bakuli mezani, linafuka moshi. Esnath analitazama. Akianza kula, simu itakatwa.

"Bado kidogo," anasema. "Sina njaa."