Mtaalamu Yuko Safarini

Mdogo wangu alipopata kazi kwenye kampuni ya kufunga mifumo ya kompyuta, bosi wake alimpeleka kwa mteja wiki hiyohiyo akamtambulisha: "Huyu ndiye mtaalamu wetu." Mtaalamu wa nini, hata mwenyewe hakujua. Katoka chuoni juzi, mashati bado anapigiwa pasi na mama, leo anawafundisha watu wenye mvi jinsi ya kuhesabu mali stoo! Nyumbani tulicheka mpaka mbavu zikauma, na tangu siku hiyo jina likamganda: Mtaalamu.

Kazi yenyewe ni ya begi mkononi. Leo mji huu, kesho ule, na mfumo ukigoma anarudishwa alikotoka. Ina mwiko mmoja, alinieleza mwenyewe: mbele ya mteja hakuna kusema "sijui". Ukiulizwa usilolijua, unamtazama mtu machoni, unaitikia kwa kichwa taratibu, unasema, "Nitalifuatilia." Mteja anatulia. Wewe unatoka nje na simu yako, unampigia anayejua.

"Na huyo akiwa hajui?" nilimuuliza.

"Naye atalifuatilia, dada."

Kila akirudi alimletea mama visabuni vya hotelini, vile vidogo vya kufungwa kwenye karatasi. Mama hakuvitumia. Alivipanga dirishani na kuwaringishia majirani: hiki cha safari ile, hiki cha ile nyingine. Mimi ndiye niliyegundua kwamba siku hizi anavinusa kwanza ndipo avitambue.

Daktari alisema ni presha ya macho, tena tumechelewa. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki, kwa muda tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Tulipotoka akaniomba jambo moja.

"Mwambie mdogo wako aje nimwone. Nimwone vizuri, nibaki na sura yake."

Nikampigia. Alikuwa kwa mteja, nyuma yake mtu anafoka kwa sababu mashine haitoi risiti.

"Nakuja wikendi, dada. Mwambie mama nakuja."

Wikendi mfumo ukagoma. Iliyofuata akatumwa mji mwingine kabisa. Akaomba ruhusa, bosi akamjibu amalize kwanza kwa mteja huyo, na baada ya huyo akaja mwingine. Tukajaribu simu ya video. Mama aliisogeza mpaka ikamgusa pua, akanirudishia. "Naona mwanga tu," alisema.

Siku hiyo nilimwakia mdogo wangu. Nikamwambia aache hiyo kazi, aache na hilo begi lake, apande gari aje. Nikasikia mlango unafungwa. Kisha nikamsikia analia, mtu mzima na tai shingoni, kajifungia chooni kwenye ofisi ya watu.

"Nikiacha, dada, matone ya mama tutayapata wapi?"

Mimi nashona sare za shule, msimu ukiisha na kazi imeisha. Hasira yangu yote ikakosa pa kwenda. Nilimchukia bosi ambaye sijawahi kumwona.

Alifika adhuhuri moja, jua kali, bila kutoa taarifa. Aliweka begi mlangoni kama mtu ambaye hatakaa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akamtambua kwa hatua.

"Mtaalamu! Njoo, baba. Hebu fungueni pazia nimwone."

Pazia lilikuwa wazi. Mdogo wangu akapiga magoti mbele yake, na mama akanyoosha mikono akampapasa paji la uso, mashavu, kidevu.

"Umekonda. Na hizi ndevu umefuga lini?"

"Huko huko kazini, mama."

Akaendelea kuzipapasa ndevu asizozijua, pole pole. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia mvua.

"Wewe unayejua mambo, niambie. Nitaona tena?"

Mdogo wangu alinitazama. Mimi nikatazama visabuni. Akamgeukia mama, akamtazama machoni, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Nitalifuatilia, mama."

Mama akatulia. Akaegemea kiti, akaniambia nimpakulie mdogo wangu chakula.

Yeye akatoka nje na simu yake. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama uani juani, simu mkononi, hana wa kumpigia.